Kukata, kuweka chuma au kugeuza mguu: ulinganisho kwa mzazi wa mtoto mwenye saratani ya mfupa

Natengeneza miguu ya bandia. Mtoto mwenye saratani ya mfupa akiletwa kwangu, kwa kawaida mguu umeshakatwa na kidonda kimeshafunga. Mimi napima, namimina plasta, naunda soketi, yaani kikombe kinachovikwa gutu, namfundisha hatua za kwanza kati ya vyuma viwili vya kushikilia. Lakini wapo wazazi wanaofika mapema, bahasha ya eksirei kwapani, kabla ya kutia saini fomu ya upasuaji. Mama mmoja alikaa kwenye benchi la mlangoni akanisubiri nimalize kusugua soketi, kisha akasema: "Fundi, shida yangu ni moja. Nimeambiwa nichague kati ya kukata na kuweka chuma. Madaktari wanauona mguu siku ya upasuaji, wewe unauona miaka yote. Angekuwa mwanao?"

Siku ile nilimrudisha kwa daktari wake, kwa sababu si kazi ya fundi kuamua. Bado si kazi yangu. Ila swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu nililompa, na haya ndiyo ambayo ningemwambia kama tungekuwa na mchana mzima.

Kabla ya mguu, jina la uvimbe

Vinundu vingi vya mfupa kwa watoto si saratani. Kuna kile kigumu kinachoota pembeni mwa goti na kukaa miaka bila kuuma, na kuna uvimbe wa maji ndani ya mfupa unaogundulika siku mtoto anapovunjika mkono kwa kuanguka kidogo tu. Hivyo vina tiba yake nyepesi, vingine huachwa tu vikiangaliwa. Makala hii inahusu viwili vibaya: osteosakoma na sakoma ya Ewing. Vyote ni nadra. Hata duniani kote, osteosakoma hupata watoto na vijana wachache, kama wanne au watano kwa mwaka katika kila milioni moja, na ndiyo maana daktari wa zahanati anaweza kustaafu bila kuiona.

Osteosakoma hupenda ncha za mifupa mirefu, hasa kuzunguka goti, na huja katika umri ambao mtoto anarefuka kwa kasi. Mtoto analalamika goti, watu wanasema ni mpira, au ni maumivu ya kukua. Maumivu ya kukua huwa kwenye miguu yote miwili na asubuhi yameondoka. Ya osteosakoma hukaa upande mmoja, humwamsha usiku, na wiki zinavyopita uvimbe unaonekana. Kwenye eksirei mfupa huwa kama umetoa miale ya jua kuingia kwenye nyama.

Ewing hupenda katikati ya mfupa mrefu, nyonga na mbavu, na kwa watoto wa Kiafrika ni nadra zaidi kuliko osteosakoma. Hila yake ni homa. Mtoto ana joto, mguu umevimba, una moto ukiugusa. Kila mtu anawaza usaha ndani ya mfupa, na kama mtoto ana selimundu ndiyo kabisa. Mvulana mmoja niliyemtengenezea mguu alianzia hapo: alipasuliwa kutolewa usaha, kikatoka kitu laini cha kijivujivu, kikafutwa na kutupwa. Akafungwa kidonda na kupewa antibiotiki miezi kadhaa. Kile kitu hakikuwa usaha. Wapasuaji wa mifupa wana kanuni ambayo mzazi anaweza kuidai kwa upole: chochote kinachotolewa kwenye mfupa wa mtoto kiende maabara, nusu kuoteshwa kutafuta vijidudu, nusu kuangaliwa kwenye hadubini.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu Ewing husikia mionzi. Uvimbe wa nyonga usiotoleka vizuri unaweza kuchomwa kwa mionzi badala ya kisu, na huo ni uchaguzi halisi, ingawa mionzi karibu na sahani ya ukuaji, sehemu laini inayourefusha mfupa wa mtoto, huufupisha mguu wa mtoto mdogo na inaweza kuzaa saratani nyingine miaka mingi baadaye. Osteosakoma haisikii mionzi kiasi cha kuitegemea. Ni lazima itolewe. Kuanzia hapa nazungumzia zaidi osteosakoma ya goti, maana ndiyo inayojaza benchi langu.

Na kabla sijaendelea: kukanda. Uvimbe wa mfupa haukandwi, hauchanjwi chale, haufungwi vibanzi. Nasema hivi nikijua kuwa bibi anayekanda anapatikana leo jioni, na daktari bingwa ana foleni ya wiki tatu.

Sindano au kisu kwenye kuchukua kinyama

Kipimo cha uhakika ni kuchukua kipande cha uvimbe. Njia ni mbili. Sindano nene huingia kwa tundu dogo, mtoto anapewa dawa ya usingizi mwepesi au ganzi, na siku hiyohiyo anaweza kurudi wodini anacheza. Hasara yake ni kwamba inatoa uzi mdogo wa nyama, na daktari wa maabara wa kuusoma awe amezoea. Wakati mwingine lazima irudiwe. Kisu hutoa kipande kikubwa ambacho hakimsumbui msomaji, lakini huacha kovu na damu inayosambaa kwenye nyama za jirani ikiwa imebeba seli za uvimbe.

Ningechagua sindano ianze, kisu kifuate sindano ikishindwa. Lakini kusema kweli, swali la sindano au kisu ni dogo kuliko la nani anashika na wapi. Njia iliyopita sindano au kisu inahesabiwa imechafuka, nayo itakatwa pamoja na uvimbe siku ya upasuaji mkubwa. Kovu lililosimama, linalofuata urefu wa mguu, linaondolewa kwa urahisi. Kovu lililolala, linalokata mguu kama mkanda, humlazimu mpasuaji kuondoa nyama nyingi mno, na mara nyingine ndilo linaloua nafasi ya kuuokoa mguu. Nimeona makovu ya namna hiyo kwenye eneo ambalo lilipaswa kuwa paja.

Mmarekani Henry Mankin na wenzake walichapisha mwaka 1996 hesabu ya wagonjwa 597 wa uvimbe wa mifupa na nyama. Wagonjwa 18 walikatwa viungo bila ulazima kwa sababu ya kinyama kilichochukuliwa vibaya, na makosa yalikuwa mara mbili hadi mara 12 zaidi pale kinyama kilipochukuliwa hospitali iliyokuja kumpa mgonjwa rufaa, kuliko kilipochukuliwa kituo kilichomtibu. Kwa hiyo daktari wa wilaya akikuambia "hiki tusikiguse, nakupeleka juu," usimwone hajui kazi. Huyo anaijua.

Picha ya MRI ya mfupa mzima ipigwe kabla ya kinyama, si baada, na CT skani ya kifua isikosekane. Osteosakoma ikitoka kwenye mfupa huenda mapafuni kwanza.

Dripu huanza, kisu hufuata

Wazazi wengi hushangaa uvimbe ukishajulikana halafu hautolewi. Watoto hupewa kemo, yaani dawa za saratani za kwenye dripu, kwa wiki 10 hivi, wakapasuliwa, kisha kemo ikaendelea kwa miezi. Sababu iko kwenye takwimu za zamani. Kabla ya miaka ya 1970 mguu ulikatwa mapema na kwa uhodari, na bado watoto waliobaki hai hawakufika 20 katika 100, kwa sababu mbegu zilikuwa zimeshafika mapafuni zikiwa ndogo za kutoonekana. Kemo iliposhika, pale inapopatikana kikamilifu na ugonjwa haujasambaa, wanaopona wakafika 60 hadi 70.

Dawa zenyewe ni sisplatini na doksorubisini, na penye maabara ya kupima kiwango cha dawa kwenye damu huongezwa methotreksati ya dozi kubwa. Bila maabara hiyo methotreksati kubwa ni hatari, hivyo hospitali nyingi zetu huiacha. Si ubahili.

Wiki hizo 10 ndizo za kuchagua. Zitumie.

Njia tatu, bega kwa bega

La kwanza, na nalitanguliza kwa sababu ndilo linalowakosesha wazazi usingizi: kukata juu zaidi hakumfanyi mtoto apone zaidi. Mwaka 1986 vituo vya Marekani viliunganisha wagonjwa 227 wa osteosakoma ya chini ya paja, waliokatwa na waliookolewa mguu, na uhai haukutofautiana. Sharti ni moja: uvimbe utoke wote ukiwa umezungukwa na nyama nzima. Kama umekumbatia mshipa mkuu wa damu na mshipa wa fahamu, au mfupa umevunjika na damu imetapakaa vibaya, au kidonda kimetumbuka, mlango wa kuokoa mguu hufungwa na mazungumzo yanabaki ya kukata.

Kama mlango uko wazi, anza na hesabu ya urefu. Mguu wa mtoto hukua zaidi karibu na goti. Sahani ya chini ya paja huongeza kama sentimita 1 kwa mwaka, ya juu ya goko, mfupa mkuu wa chini ya goti, kama milimita 6. Mvulana huacha kurefuka karibu na miaka 16, msichana karibu na 14. Sasa chukua mvulana wa miaka 10 mwenye uvimbe chini ya paja. Sahani hiyo inatoka na uvimbe. Miaka sita mara sentimita moja: sentimita 6 zimepotea, na kama chuma kitapita kwenye goko pia, ongeza tatu na nusu. Mvulana wa miaka 15 anapoteza sentimita moja tu, ambayo soli ya kiatu inaimaliza. Umri, kuliko kitu kingine chochote, ndio unaopanga meza.

*Chuma.* Mpasuaji hutoa kipande cha mfupa pamoja na goti, anaweka goti la chuma na mhimili wake. Mtoto anaamka ana mguu wake, ngozi yake, vidole vyake. Akivaa suruali hakuna anayejua. Kwa kijana aliyekaribia kumaliza kukua, na aliye karibu na hospitali iliyomfanyia, sioni sababu ya kumshauri kinyume. Lakini yasemwe yote. Takribani mmoja kati ya kumi hupata maambukizi kwenye chuma, na maambukizi hayo yanaweza kuishia kwenye kukatwa kulekule alikokukimbia. Mpira wa miguu na kurukaruka kumekwisha. Chuma hulegea, huchakaa, na mtoto aliyewekewa akiwa na miaka 12 akiishi hadi uzee atarudi chumba cha upasuaji si mara moja. Kwa wadogo kuna chuma kinachorefushwa. Cha kisasa hurefushwa kwa sumaku bila kupasua tena. Bei yake ni ya gari, na asiye na mfadhili asipoteze wiki zake 10 akiisubiri.

Kuna binamu wa chuma anayestahili kujulikana zaidi kwetu: kumrudishia mtoto mfupa wake mwenyewe. Wajapani wa Kanazawa walianzisha mwaka 1999 kuutoa mfupa wenye uvimbe, kuusafisha, kuutumbukiza dakika 20 kwenye naitrojeni ya maji ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha kuurudisha na kuufunga kwa sahani za chuma. Seli za saratani zimekufa, mfupa unabaki kama kiunzi, na hakuna cha kuagiza kutoka nje. Hufaa pale mfupa ungali na nguvu na hasa uvimbe ukiwa haujala goti. Huunga polepole, huvunjika wakati mwingine, na mtoto hukaa na magongo miezi mingi.

*Kukata.* Upasuaji mfupi, kidonda kinapona haraka, kemo inarudi ndani ya wiki tatu kama madaktari wanavyotaka. Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyosikika. Kijana wa Canada, Terry Fox, alikatwa mguu wa kulia juu ya goti mwaka 1977 akiwa na miaka 18, na mwaka 1980 alikimbia kwa mguu wa bandia siku 143, kilomita 5,373, kuchangisha fedha za utafiti wa saratani. Kilichomsimamisha ni saratani iliyofika mapafuni. Alifariki mwaka 1981. Namtaja kila ninaposikia mtu akisema mtoto akikatwa mguu maisha yameisha. Na namtaja tena ninaposikia kwamba mguu ukishakatwa kemo haina haja.

Ubaya wa kukata ninauona mimi kila Jumatatu. Mtoto akiwa kwenye kemo anakonda, gutu linasinyaa, soketi niliyoibana wiki mbili zilizopita inazunguka kama kikombe kwenye kijiti. Namvalisha soksi mbili, tatu, nne, mpaka nakata shauri la kuunda upya. Kemo ikiisha ananenepa, haiingii. Halafu anarefuka. Mtoto anayekua anahitaji soketi mpya karibu kila mwaka au miaka miwili, na kila safari ni nauli ya watu wawili. Ukikatwa katikati ya mfupa, ncha ya mfupa wa mtoto inaweza kuendelea kuota ikachoma ngozi kwa ndani, na ikapunguzwa tena. Na kuna maumivu ya mguu usiokuwepo: kidole gumba kinawasha, na hakipo. Mwambie mtoto mapema kwamba litatokea, asije akadhani amerogwa.

*Kugeuza.* Hii wazazi wengi hawaambiwi kabisa. Uvimbe na goti hutolewa, mshipa wa fahamu unaachwa mzima, kisha sehemu ya chini ya mguu inainuliwa, inageuzwa nusu duara na kuungwa kwenye paja lililobaki. Kisigino kinatazama mbele, vidole vinatazama nyuma, na kifundo cha mguu kinakaa mahali pa goti. Mjerumani Borggreve aliifanya mwaka 1927 kwa mgonjwa wa kifua kikuu cha goti. Vienna ikaichukua kwa ajili ya uvimbe katika miaka ya 1970.

Mtoto akikunja kifundo, ndiyo amekunja goti. Mimi nilimtengenezea mmoja tu, na sijasahau. Unyayo unaingia kwenye soketi ukitazama chini kama wa mcheza ngoma ya kunyata, na tofauti na gutu, unyayo unahisi: akikanyaga kokoto kupitia mguu wa bandia anajua. Hakuna maumivu ya mguu usiokuwepo, kwa kuwa upo. Anakimbia, anaruka, anapiga mpira, na mfupa ukishaunga harudi sana kwa mpasuaji. Sahani ya chini ya goko inaendelea kukua, na mpasuaji mzuri hupiga hesabu ili siku ya mwisho ya kukua kifundo kikae sawa na goti la upande wa pili.

Hatari yake iko siku za mwanzo, mishipa ya damu ikiziba mguu unakufa na kukatwa hakuepukiki. Na kuna sura. Sitaipamba: mguu uliogeuzwa, bila mguu wa bandia, unashtua. Watoto wenyewe huzoea kabla ya mashangazi. Mwonyesheni mtoto picha na video za wenzake, mwacheni aulize, na msiitie saini kwa siri akaamka nao.

Ningempangia nani nini

Kijana wa miaka 14 kwenda juu, uvimbe umeitikia kemo, anaishi mjini na bima ipo: chuma. Mtoto chini ya miaka 10 mwenye uvimbe chini ya paja na familia jasiri, kukiwa na mpasuaji aliyewahi kuifanya: kugeuza, bila kusita sana. Mtoto huyohuyo, mpasuaji wa hivyo hayupo na kumngoja kutavuruga kemo: kukata, na anipigie simu mapema. Kati ya 10 na 14 ndipo penye ubishi, na hapo naheshimu anachopenda mtoto kufanya. Asiyeachana na mpira nisingempa chuma.

Uvimbe wa bega hauna ubishi huu. Mkono unaookolewa hata ukiwa hauinuki juu ya bega ni bora kuliko wowote ninaoweza kuuunda mimi.

Umbali uhesabiwe kama ugonjwa mwingine. Chuma kinachotoa usaha usiku wa manane Sumbawanga si sawa na kinachotoa usaha Upanga, Dar es Salaam, jirani na Muhimbili. Kwa Tanzania, kemo ya watoto na upasuaji wa mifupa viko jirani pale Muhimbili, ambako shirika la Tumaini la Maisha husaidia watoto watibiwe saratani bila malipo. Hospitali za Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza, zina mionzi kwa wenye Ewing. Hospitali ya KCMC, Moshi, ina chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, tangu mwaka 1981. Kenya kuna Kenyatta na Moi ya Eldoret, Uganda kuna Taasisi ya Saratani ya Mulago. Kokote uendako uliza kama mpasuaji, daktari wa kemo na msomaji wa kinyama hukaa meza moja kumjadili mtoto. Uliza pia wamefanya ngapi za aina wanayokupendekezea. Mpasuaji mzuri hakasiriki kwa swali hilo.

Yule mama alichagua kukata. Binti alikuwa na miaka tisa, na la kugeuza halikutajwa mbele yao. Sasa yuko kwenye soketi ya tatu, mapafu safi, na ugomvi wetu wa mwezi huu ni wa rangi: mama anataka mguu unaofanana na ngozi, binti ameleta kipande cha kitenge chenye maua ya njano anataka kibandikwe ndani ya resini kionekane. Kitenge kimeshakauka. Mama anakuja kuuchukua Alhamisi, na bado hajaambiwa.